Figo na Jamaa Zake katika Mwambao wa Rumonge

Kila mnyama anayekula hulimbikiza mwilini mabaki ambayo yakiachwa humgeukia kuwa sumu. Yaliyo mazito kati ya hayo ni ya naitrojeni, ambayo hubaki baada ya protini kuvunjwavunjwa na hutoka mwilini hasa kwa sura tatu: amonia, ambayo ni kali lakini haimgharimu mnyama kuitengeneza na huyeyuka upesi majini, urea, ambayo ni pole zaidi lakini hula nishati, na asidi ya uriki, ambayo karibu haiyeyuki na kwa hiyo hutolewa kama uji mweupe bila kupoteza maji mengi. Viungo vinavyofanya kazi hiyo ya kutoa takamwili hulinda pia kipimo cha maji na chumvi katika damu, na mara nyingi kazi hii ya pili ndiyo iliyoviumba vilivyo. Masomo ya shuleni aghalabu huvipanga kama ngazi inayoanzia kwa minyoo wanyonge na kuishia kwa figo la binadamu. Mpangilio huo unapotosha, na mwambao wa Rumonge, mji wa wavuvi na wakulima wa michikichi ulioko takriban kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, una viumbe wa kutosha kuonyesha kwa nini.

Katika Ziwa Tanganyika, lililo mbele ya mji huo, anaishi yavuyavu mdogo wa maji baridi, ambaye kitaalamu huitwa Limnocnida tanganjicae, mwenye umbo la mwavuli unaopenya nuru na upana wa sentimita mbili hivi. Mnyama huyu hana kiungo chochote cha kutoa takamwili, wala hakihitaji, kwa kuwa tishu zake ni nyembamba kiasi kwamba amonia hupenya yenyewe hadi nje na kuchukuliwa na maji. Kiungo maalumu huhitajika hasa pale mwili unapokuwa mnene, au ngozi inapokuwa ngumu, hata njia hiyo fupi ikafungwa, au pale maji yanayoingia mwilini yanapolazimika kutolewa.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kiungo cha namna hiyo umo, kwa bahati mbaya, katika kimelea cha kichocho cha tumbo, ugonjwa unaofahamika katika mwambao huu. Yai la mnyoo huyo linapofika majini pamoja na kinyesi cha mgonjwa huanguliwa, na hutoka kiluwiluwi kisichofika robo ya milimita, ambacho huogelea kikimtafuta konokono wa jamii ya Biomphalaria ili kiingie mwilini mwake. Kwa kuwa mwili wake una chumvi nyingi kuliko maji ya ziwa, maji humwingia bila kukoma kwa osmosisi, yaani kwa tabia ya maji kupenya utando kuelekea upande wenye chumvi zaidi, na angevimba hadi kupasuka kama asingekuwa na namna ya kuyatoa. Kazi hiyo hufanywa na seli nne tu, zinazoitwa seli mwali kwa sababu kila moja ina kishungi cha vinyweleo vinavyopepea ndani ya mrija kama ulimi wa moto. Mpepeo huo huvuta majimaji ya mwili kupitia nyufa nyembamba mno zilizo kwenye ukuta wa seli, zikayachuja, na mrija ukayapeleka nje. Kiumbe hiki hakina moyo wala damu, kwa hiyo vinyweleo vyenyewe ndivyo vinavyotoa nguvu ya kuchuja. Hakuna unyonge wowote katika mashine hiyo, kwani imetimia kwa kila inachotakiwa kufanya.

Konokono anayevamiwa naye ana mpango mwingine, ambapo msukumo wa moyo huchuja damu hadi kwenye mfuko unaouzunguka moyo, kisha mfereji hupeleka majimaji yaliyochujwa katika figo linalorudisha vitu vyenye manufaa. Kaa wa ziwani hutoa mkojo kupitia tezi mbili zilizo kwenye mizizi ya vipapasio, karibu na macho, ingawa amonia yake nyingi hutokea kwenye matamvua. Nyungunyungu, anayechimba udongo chini ya michikichi, ana jozi ya mirija midogo, iitwayo nefridia, katika karibu kila pingili ya mwili wake, na kila mrija huanza kwa faneli katika pingili moja na kutokea katika pingili inayofuata.

Wadudu wameiacha njia ya kuchuja kwa msukumo. Mbu ana mirija mitano, iliyopewa jina la Marcello Malpighi, mtaalamu wa Italia wa karne ya 17, ambayo huelea ndani ya damu huku ncha zake zikiwa zimezibwa. Seli za mirija hiyo husukuma ayoni za potasiamu na sodiamu kuingia ndani, maji huzifuata, takamwili hubebwa humo, na sehemu ya mwisho ya utumbo hurudisha kile kinachohitajika. Mbu wa malaria huanza kutoa matone ya mkojo akiwa bado amekaa juu ya ngozi anafyonza damu, kwani asipopunguza maji ataruka kwa shida kutokana na uzito.

Wanyama wenye uti wa mgongo wameshikilia mpango mmoja wa msingi. Samaki wa ziwani aitwaye mukeke anapopasuliwa sokoni, baada ya matumbo na kibofu cha hewa kuondolewa, huonekana utepe mwekundu uliokoza, unaokaribia weusi, ulionata chini ya uti wa mgongo kwa urefu wa tumbo lote. Ni rahisi kuukwangua kwa kisu kwa kuudhania damu iliyoganda, kumbe ndilo figo lenyewe. Ndani yake mna nefroni, ambazo ni mirija myembamba inayoanza kwa kikombe kilichokumbatia kishada cha mishipa midogo ya damu, na uhusiano wa kikombe hicho na mrija wake ulielezwa na Mwingereza William Bowman mwaka 1842. Moyo huisukuma damu katika kishada, maji na vitu vyote vidogo huvuja kuingia kikombeni, kisha mrija huokota vyenye thamani na kuvirudisha, sawa na mchuuzi anayemwaga ndagala (dagaa) zote juu ya mkeka, akarudisha ndooni zilizo nzuri na kuacha takataka. Katika binadamu, mwenye nefroni zipatazo milioni moja kwa kila figo, huchujwa takriban lita 180 kwa siku, na zaidi ya asilimia 98 ya maji hayo hurudishwa kwenye damu.

Mukeke, hata hivyo, hategemei sana utepe ule kutoa naitrojeni, kwa sababu amonia yake hutoka hasa kwa matamvua. Figo lake ni pampu ya kutoa maji ya ziwa yanayomwingia, na katika hilo linafanya kazi ileile ya seli mwali za kiluwiluwi cha kichocho. Mmarekani Homer Smith, aliyewachunguza kambaremamba wa Ziwa Victoria na kuchapisha matokeo yake mwaka 1930, alionyesha kwamba samaki huyo, ambaye yumo pia katika bonde la Tanganyika, anapojizika topeni wakati wa kiangazi huacha kutoa amonia na kulimbikiza urea kwa miezi mingi. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako magadi yamefikisha pH ya maji karibu 10 na amonia haipenyi kwa urahisi kutoka kwenye matamvua, wapo perege wadogo wanaotoa takriban naitrojeni yao yote kwa sura ya urea, jambo adimu mno kwa samaki wa mifupa waishio majini. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na samaki wake bado wanaimudu amonia. Ndege wala samaki wa mwambaoni na nyoka wa majini, walio na figo za ukoo uleule, hutoa asidi ya uriki kama wadudu wafanyavyo. Kwa hiyo kemia ya takamwili hufuata makazi ya mnyama na hali ya maji yake kuliko uti wa mgongo.

Tofauti ya kweli iko katika nguvu inayoendesha uchujaji na mahali unapofanyika: wasio na uti wa mgongo hutumia vinyweleo, chumvi au moyo, kila kundi kwa kiungo chake, ilhali wenye uti wa mgongo hukusanya nefroni ndani ya figo na kutegemea msukumo wa damu ya mishipa. Hata mpaka huo umeanza kufifia tangu mwaka 2009, watafiti walipoonyesha kwamba inzi wa matunda ana seli za kusafisha damu ambazo nyufa zake hufungwa kwa protini za ukoo mmoja na nefrini, protini ya kichujio cha figo la binadamu. Watoto wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya nefrini, iliyotambuliwa mwaka 1998, huvujisha protini nyingi katika mkojo tangu siku za mwanzo za maisha, na seli hizo za inzi sasa hutumika maabarani kuchunguza jeni zinazosababisha maradhi ya aina hiyo.