Uchumi si wa darasani pekee: Kazi ya mwanafunzi wa chuo kijijini

MWANAFUNZI wa chuo anayejitolea kuwafunza watu wazima uchumi hana budi kuuweka kando msamiati wa vitabu. Mama anayeuza nyanya sokoni Voi hupanga bei, hukopesha na kuweka akiba kila siku. Anachokosa mara nyingi ni hesabu iliyoandikwa.

Tuchukue mfano wa chama kinachokopa Sh12,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na kulipa Sh1,000 za mkopo kila mwezi. Riba ikitozwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, itafika Sh1,440. Ikitozwa juu ya salio linalopungua, itakuwa Sh780. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni Sh660.

Katika Taita Taveta, elimu hii inahusu pia mali ya umma. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji.

Kasigau nako, mradi wa kuhifadhi misitu ulianza kupewa hati za hewa ya ukaa mwaka 2011. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 yanataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia kutoka kwa miradi kama hiyo kwenye ardhi yake, baada ya gharama kuondolewa. Mapato yakiwa Sh10 milioni na gharama Sh6 milioni, fungu la jamii ni Sh1.6 milioni, wala si Sh4 milioni. Asiyejua kutenganisha mapato na gharama atauliza vipi ni nani aliyezikagua?

Wazo hili si geni. Mwaka 1969 Tanzania iliendesha kampeni ya redio ya Kupanga ni Kuchagua, ambapo vikundi vya wananchi vilisikiliza na kujadili mpango wa maendeleo wa taifa.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko karibu na Voi. Hata hivyo, likizo huisha na mwanafunzi hurudi chuoni. Heri basi amwachie katibu wa chama ujuzi wa kutunza vitabu, kwani wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.