Nyota Ipitapo Karibu na Nyota Changa

Juma lililopita tulisema kuwa Dunia yetu ni moja katika sayari nane zizungukazo Jua. Leo turudi nyuma kidogo. Sayari hizo zilipokuwa bado vumbi, ni kitu gani kingaliweza kuziharibu?

Nyota, kwa kawaida, haizaliwi peke yake. Wingu kubwa la gesi na vumbi hujikusanya na kugawanyika, zikazaliwa nyota mamia, pengine maelfu, mahali pamoja. Mkitaka kupaona mahali kama hapo, tokeni nje jioni, kati ya Januari na Machi, pasipo na taa. Tafuteni nyota tatu angavu zilizojipanga mstari mmoja. Karibu nazo pana alama hafifu kama moshi. Hilo ni wingu la Orioni, na mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka 1,300 hadi kufika machoni penu. Darubini ya Hubble, iliyopelekwa angani mwaka 1990, ilionyesha kuwa nyota changa nyingi za humo zimezungukwa kila moja na kitu kipana na bapa, mfano wa sinia, cha gesi na vumbi. Ndani ya sinia hilo vumbi hushikana na vumbi likawa jiwe, mawe nayo yakawa sayari.

Basi, katika msongamano ule nyota hupitana. Msidhani kwamba hugongana. Hilo ni nadra mno. Hupitana kwa mbali tu, na hata hivyo madhara hutokea. Ndugu zetu wa pwani wajua maji kujaa na kupwa. Mwezi haugusi bahari, lakini huyavuta maji yaliyo upande wake kuliko yaliyo mbali nao. Nyota mpitanjia hulifanyia sinia vivyo hivyo, ila kwa nguvu nyingi zaidi: ukingo ulio karibu nayo huvutwa ukanyooka kama mkono, na vumbi jingine huchukuliwa moja kwa moja.

Njia yake nayo ni jambo kubwa. Watu wawili waendao upande mmoja huzungumza kitambo kirefu. Wanaopishana husalimiana tu. Nyota ikipita kwa kufuata upande ule ule linakozungukia sinia, hulivuta kwa muda mrefu na kulidhuru sana. Ikipita kinyume, madhara huwa machache.

Mfano tunao. Mwaka 2006 wataalamu walieleza kuwa nyota iitwayo RW Aurigae ina mkia wa gesi wenye urefu wa mara 600 hivi ya umbali uliopo kati ya Jua na Dunia. Hesabu za kompyuta zilizotolewa mwaka 2015 zilionyesha kuwa mkia wa namna hiyo hutokea nyota mwenzake ipitapo karibu.

Je, Jua letu? Sayari ya mwisho, Neptuni, iko umbali wa mara 30 ya ule wa Jua na Dunia. Lakini mwaka 2003 kilionekana kijisayari kilichoitwa Sedna, ambacho hakisogei karibu na Jua kuliko mara 76, na mzunguko wake mmoja huchukua zaidi ya miaka 10,000. Neptuni iko mbali mno kuweza kukitupa huko. Nani alikitupa? Wengine wadhani ni sayari kubwa ambayo haijaonekana. Wengine, nami naiona hoja yao kuwa nzito, wasema ni nyota iliyopita Jua lilipokuwa changa. Hesabu za mwaka 2024 zilionyesha kuwa nyota yenye uzito wa sehemu nane katika kumi za Jua, ikipita umbali wa mara 110, yaweza kuvitawanya vitu hivyo vya mbali na kuziacha sayari mahali pake. Ingalipita karibu zaidi, huenda Neptuni isingalikuwapo.

Siku hizi Jua halina tena majirani wa kulisonga. Miaka kiasi cha 80,000 iliyopita nyota ndogo, iitwayo nyota ya Scholz, ilipita umbali wa makumi ya maelfu ya mara. Sayari hazikutikisika.

Sasa kiongozi wa darasa awaulize wenzake: kwa nini nyota ile ya Scholz haikuidhuru Dunia?