Soketi iliyofungwa kwenye kipande cha kanga

Babati ni njia panda: ukitoka Arusha, mkono mmoja unakupeleka Kondoa na Dodoma, mwingine Katesh na Singida. Gari letu lilikuwa linatoka Dodoma, na beringi ya tairi la mbele ilianza kulia kabla hatujafika Kondoa. Tulijikongoja hadi Babati, nikajikuta kwenye benchi la gereji, nasubiri zamu yetu.

Mbele yetu kulikuwa na Land Rover ya kijani, ile ndefu ya zamani, imeinuliwa kwa jeki. Chini yake amelala mzee mwenye ovaroli lililopauka. Pembeni yake boksi jipya la soketi limefunguliwa, zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa. Hakugusa hata moja. Alikuwa amemtuma mjukuu wake nyumbani kwa baiskeli, na kwa karibu saa nzima gereji yote ilimsubiri yule binti.

Aliporudi alikuwa na fundo dogo la kipande cha kanga. Mzee akalifungua taratibu. Ndani mlikuwa na soketi moja tu, nyeusi, imechakaa mdomoni. Akaipachika kwenye nati ya propela, ikaingia bila kelele. Akavuta mara moja. Nati ikaachia.

Nimeandika habari za mabwawa na bajeti, lakini saa ile moja ya kusubiri kipande kimoja cha chuma ndiyo iliyonikaa kichwani.

"Hawa vijana," aliniambia baadaye, akinawa mikono kwa dizeli, "wanajua kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa. Hiyo ni Toyota. Ukiwa na hizo tano na akili kidogo, Noah nzima unaishusha chini. Land Rover haihesabu hivyo."

Nikamwomba anionyeshe. Akachukua soketi ya 14 kutoka kwenye boksi jipya, akaiweka kwenye nati ya pili. Haikuingia. Akachukua ya 15. Iliingia, lakini alipoitikisa ikacheza.

"Umeona? Ya kumi na nne inaikataa. Ya kumi na tano inaikubali, na huo ndio ubaya wake. Ukivuta nayo inapanda kwenye kona, inazila. Nati ikishakuwa duara, mwanangu, hapo huna nati, una kokoto."

Nati ile ni ya inchi: tisa kwa kumi na sita, sawa na milimita 14.29. Ni kubwa kuliko 14 kwa unene wa karatasi chache, na ndogo kuliko 15 kwa karibu robo tatu ya milimita. Mzee hakuhitaji hesabu hizo. Alipitisha kidole gumba juu ya pande za nati kama mtu anayepapasa embe, akaijua.

Kichwani mwake kuna orodha nzima ya zinazopatana na zisizopatana. Robo tatu inchi na 19 ni ndugu: tofauti yake ni sehemu tano za mia za milimita, tumia tu. Nusu inchi ni mtego, kwa sababu 13 inaivaa vizuri machoni kumbe kuna nafasi ya sehemu tatu za kumi, na kwenye nati yenye kutu hiyo inatosha kuharibu kazi. Saba kwa kumi na sita ni kubwa kidogo kuliko 11. Wapo wanaoipigilia soketi kwa nyundo, naye akilitaja hilo anafumba macho. Juu ya yote anasisitiza soketi ya pande sita. Zile za kona kumi na mbili zinashika nati karibu na kona zake, na ikiwa imeshachoka ndiyo kwaheri.

"Na kuna za Waingereza wa zamani kabisa," akasema. "Spana imeandikwa robo inchi, ukiipima mdomo inazidi nusu inchi. Nilipokuwa kijana nilidhani wamekosea kiwandani."

Hawakukosea. Katika mfumo wa Joseph Whitworth, aliouanzisha mwaka 1841, namba kwenye spana inataja unene wa boliti yenyewe, si upana wa kichwa.

Soketi ile ya kwenye kanga ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ngano. Mzee alijifunza kazi katika karakana ya mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kule Hanang, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada. Mashamba yale yana majeraha yake, ya ardhi ya Wabarbaig, ambayo ukurasa huu hauwezi kuyabeba. Ila ndiko alikokabidhiwa boksi la soketi za inchi kwa ajili ya zana zilizotoka ng'ambo ya Atlantiki. Boksi lenyewe halipo tena. Zimebaki soketi chache, anazilaza nyumbani kwa sababu gereji ina mikono mingi.

Hapo ndipo nilipokwama. Soketi ya zana za Kanada inawezaje kuikaa nati ya gari la Kiingereza sawasawa namna ile? Jibu liko mwaka 1948. Wakati wa Vita Kuu ya Pili washirika walitengeneza silaha pamoja, huku boliti za huku zikigoma kwenye nati za kule: meno ya Kiingereza yalikatwa kwa pembe ya nyuzi 55, ya Kimarekani kwa nyuzi 60. Tarehe 18 Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana mjini Washington kuwa na meno ya aina moja, na upana wa nati ukaja kufuata njia hiyohiyo. Land Rover ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili ya mwaka huohuo. Ilizaliwa na boliti za zamani, ikahamia kwenye za makubaliano, kisha milimita zikaingia kipande kwa kipande, ndiyo maana gari moja linaweza kukudai mifumo miwili kabla ya saa sita mchana.

Nilipomsimulia, mzee alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo walikaa mezani," akasema, "ili mimi nifungue hii."

Nikamuuliza nani atabaki na soketi hizi. Akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa ameegemea baiskeli, kisha vijana wawili waliokuwa kwenye Noah. Hakujibu, nami sikuuliza tena.

Akarudi chini ya gari. Flanji ya propela ina nati nne. Tatu zilitoka kwa soketi. Ya nne ilikuwa imeshaliwa kona zote na fundi fulani wa zamani, soketi ikazunguka juu yake bure. Akaomba tindo na nyundo, akaipasua kwa mapigo madogo madogo, uso ameugeuzia pembeni.

Kisha akavuta kopo la maziwa lililojaa mafuta machafu, akaingiza vidole, akatoa nati nzima ya saizi ile. Kabla ya kulifunika alizihesabu zilizobaki. Zilikuwa sita.