Beringi ya katikati inaliwa kila mara? Pima kwanza kama krenki imepinda

Swali hili limetoka Kagongwa. Tumeamua kulijibu kwa maandishi kwa sababu lina vipimo, na vipimo vikisomwa redioni hupita kabla hujashika kalamu.

Msikilizaji wetu ana Land Rover 109 aliyoachiwa na baba yake, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Anabebea mpunga kutoka mashambani hadi kwenye mashine za kukoboa. Ndani ya mwaka mmoja injini imefunguliwa mara mbili kwa ugonjwa ule ule: beringi ya meni ya katikati imeliwa, za mbele na nyuma bado nzima. Mara zote mbili aliambiwa sababu ni oili feki. Alinunua beringi mpya, akafunga, akarudi barabarani, na baada ya muda mlio wa kugonga ukaanza tena. Sasa mavuno yanakaribia naye anauliza kama anunue beringi za tatu.

Asinunue bado. Oili mbaya haichagui beringi, huzila zote. Inapoliwa ya katikati peke yake, kitu cha kwanza kushuku ni krenkishafti iliyopinda. Injini hizi za lita 2.25, tangu zilipoanza mwaka 1958 hadi 1980, zilikuwa na beringi tatu tu za meni; baadaye ndipo zikawekewa tano. Kwa hiyo krenki ndefu inashikwa mbele, nyuma na katikati. Ikipinda kidogo, shingo ya katikati haizunguki tena mahali pake, inayumba. Nafasi ya oili kati ya shingo na beringi ni nyembamba kuliko unywele, na kuyumba kidogo tu kunaimaliza.

Usitupe beringi za zamani, maana zinatoa ushahidi. Beringi ya meni ina vipande viwili vya nusu duara. Kama vyote viwili, cha juu na cha chini, vimesuguliwa, krenki ndiyo mshukiwa, kwa sababu inayumba huku ikizunguka. Kama kimeliwa kimoja tu, huenda krenki ni nzima na bloku ndiyo imepinda, mara nyingi kwa kuchemsha. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na kukereza krenki hakutaisaidia.

Kupima si lazima uende mjini. Kinachohitajika ni geji ya mshale, ile yenye uso kama saa, pamoja na stendi yake ya sumaku. Geuza bloku chini juu, uisafishe. Weka vipande vya beringi vya mbele na nyuma, cha katikati usikiweke. Paka oili, laza krenki juu yake taratibu. Sumaku igande kwenye bloku, ncha ya geji iguse shingo ya katikati, pembeni ya tundu la oili ili isitumbukie. Zungusha krenki kwa mkono mzunguko mzima, polepole, bila kuisukuma mbele na nyuma. Andika mshale ulipofika chini kabisa na juu kabisa, kisha toa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tofauti hiyo ni mara mbili ya upindo wenyewe. Mshale ukicheza milimita 0.10, krenki imepinda 0.05. Vitabu vingi vya injini za magari madogo hutaja kikomo kati ya 0.03 na 0.06, na hicho ni kipimo cha mshale. Kitabu cha injini yako ndicho cha kufuata. Tazama pia mshale unapanda mara ngapi. Ukipanda mara moja na kushuka mara moja kwa mzunguko, ni upindo. Ukipanda mara mbili, shingo imekuwa ya yai, na hilo hupimwa kwa maikromita.

Kabla ya kurekebisha chochote, tafuta nyufa. Osha krenki, ipake mafuta ya taa, subiri kidogo, ifute ikauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Angalia hasa kona za shingo. Krenki yenye ufa haina dawa, hata muuzaji akikuapia.

Msikilizaji wetu alipopima, mshale ulicheza 0.14, na chaki haikuonyesha ufa. Shingo zake hazijawahi kukerezwa. Beringi za saizi ya chini zipo za inchi 0.010, 0.020, 0.030 na 0.040. Inchi 0.010 ni takriban milimita 0.25, na kuondoa upindo wake kunahitaji kupunguza shingo ya katikati kama 0.14. Kwa hiyo kukereza mara moja kunaweza kutosha, mradi mikwaruzo si mirefu zaidi ya hapo.

Upindo ukiwa mkubwa, krenki hunyooshwa kwanza kwa presi. Inalazwa juu ya vyuma viwili vyenye umbo la V, upande uliopanda ukiwa juu, inasukumwa kidogo, inapimwa, inasukumwa tena. Chuma hurudi kidogo, kwa hiyo iache ilale usiku mmoja, uipime asubuhi, na upake chaki upya. Krenki ya chuma cha kumimina inaweza kukatika ghafla, basi watu wasisimame mbele ya presi. Ukimwona fundi anawasha gesi ili aipashe moto, chukua krenki yako uondoke, maana moto unaua ugumu wa shingo.

Na hili la usafiri. Tumeona krenki ikipelekwa Kahama kwenye bodaboda, imefungwa kwa mpira huku ncha zote mbili zikining'inia. Ifunge juu ya ubao ulionyooka, ishikiliwe sehemu kadhaa.

Unapoifuata karakana, omba ipimwe mbele yako. Hakikisha matundu ya oili yamezibuliwa na kupulizwa kwa upepo, kwa sababu unga wa jiwe la kukerezea ukibaki humo utakula beringi mpya siku ya kwanza.