Bembea za mashabiki wa ma-DJ: Kabla hujapanda, lifahamu sikio lako

Dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Ubelgiji mwaka wa tisa sasa. Ana umri wa miaka 41, watoto wawili na kidonge cha presha anachomeza kila asubuhi. Wiki mbili zilizopita alinitumia ujumbe wa sauti usiku, akicheka lakini ukisikiliza vizuri unajua hana utani. Watoto wanataka kwenda Plopsaland likizo hii, na shemeji anataka yeye na mkewe wapande bembea moja ya huko inayopendwa na mashabiki wa muziki wa ma-DJ. Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa afya wa ukoo, akaniuliza: mtu wa presha anapanda au hapandi?

Plopsaland ni uwanja mkubwa wa bembea katika mji wa De Panne, ufukweni, karibu na mpaka wa Ufaransa. Kwa miaka mingi pamejulikana kuwa mahali pa watoto. Hata jina lake limetokana na Plop, mhusika wa kipindi cha watoto cha televisheni. Lakini Julai 2021 ilifunguliwa hapo treni ya bembea iitwayo The Ride to Happiness, iliyobuniwa pamoja na Tomorrowland, tamasha la muziki wa kielektroniki lililoanza mwaka 2005 katika mji wa Boom, nchini humohumo. Msomaji, ukisikia Wazungu wanasema muziki wa dansi usifikirie Msondo Ngoma. Huu hutengenezwa kwa kompyuta na mashine, besi ni nzito, mdundo haukatiki, na nyota wa jukwaa ni DJ.

Treni hiyo hupaa hadi mita 33, hufikia kasi ya kilomita 90 kwa saa na humgeuza abiria kichwa chini, miguu juu mara tano. Hayo utayakuta kwenye bembea nyingine kubwa pia. Kinachoitofautisha ni kwamba kila behewa lina viti vinne, abiria wanakaa wawili wawili wakipeana migongo, na behewa lenyewe linazunguka kama pia huku treni ikiendelea na safari. Mzunguko hutegemea uzito wa waliokaa na upande walikokaa. Ukipanda na mume wako mwenye kitambi utazunguka kwa namna moja, ukirudi kupanda na mwanao mambo ni mengine.

Marekani walikwenda kinyume, wakazipeleka bembea kwenye muziki. Tamasha la Electric Daisy Carnival hufanyika usiku tatu mfululizo katika uwanja wa mashindano ya magari wa Las Vegas tangu mwaka 2011. Katikati ya majukwaa kuna magurudumu makubwa na bembea za kila aina, na huruhusiwi kuingia kama hujafikisha miaka 18. Sharti hilo la umri lina historia chungu. Mwaka 2010, tamasha hilo likiwa bado Los Angeles, binti wa miaka 15 alihudhuria na akafariki dunia baada ya kutumia dawa ya kulevya aina ya ekstasi.

Sasa turudi kwa dada. Nilianza kumjibu kuhusu moyo, nikajikuta namweleza habari ya sikio.

Wengi tunadhani sikio ni la kusikilizia tu. Ndani kabisa, nyuma ya ngoma ya sikio, kuna kiungo kidogo chenye kazi mbili. Sehemu yake moja imejikunja kama konokono, nayo hupokea sauti. Nyingine ina mirija mitatu iliyopinda, yenye majimaji, nayo huuambia ubongo kichwa kimeelekea wapi. Sehemu zote mbili hutumia seli zenye vinyweleo vidogo mno usivyoweza kuviona kwa macho. Shabiki anayepanda bembea kisha akaenda kucheza mbele ya spika anakichosha kiungo hichohicho mara mbili, na hatari ya kwanza si sawa na ya pili.

Ya kwanza ni kizunguzungu. Ukizungushwa, majimaji yale huzunguka. Ukisimama ghafla, yenyewe hayasimami papo hapo, hivyo macho yanasema umefika huku sikio likisema bado safari. Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana, na wengine hutapika. Wenye kipandauso na wajawazito huathirika zaidi, na mjamzito hana ruhusa ya kupanda bembea ya namna hii kabisa. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, hali hiyo kwa kawaida hupita. Ukikaa chini na kukitulizia kichwa, miti itaacha kutembea. Kula chakula chepesi kabla na kuacha pombe kunasaidia, ingawa najua ushauri wa pombe ndio unaosomwa haraka na kusahaulika haraka.

Ya pili ni sauti, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Vinyweleo vinavyopokea sauti vikifa, mwili wa binadamu hauoteshi vingine. Wataalamu wa afya kazini hukadiria kwamba sauti ya desibeli 85 unaweza kuivumilia saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, kiwango cha kawaida kwenye tamasha, umebakiwa na dakika 15. DJ mmoja hupiga saa nzima au zaidi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha: sauti isizidi wastani wa desibeli 100, ipimwe muda wote, wateja wapate vizibo vya masikio, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzikia. Jimbo la Flanders, zilipo De Panne na Boom, lina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2013, na penye sauti kubwa vizibo hutolewa bure. Mimi naona bado hapo pana walakini. Desibeli 100 kwa saa nne zinaumiza hata kama sheria imefuatwa, ndiyo maana vizibo si pambo. Pamba ya dukani si kizibo, sauti inapita.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Mwaka juzi nilikaa meza ya karibu na spika kwenye harusi hapa Dar es Salaam, kwa sababu sisi upande wa bwana harusi ndiko tulikopangiwa, na kuinuka ingeonekana dharau. Masikio yalivuma hadi Jumanne. Yakivuma zaidi ya siku moja, nenda ukapimwe. Ukiamka sikio moja halisikii, usisubiri wiki iishe. Matibabu yakianza mapema, nafasi ya kusikia tena ni kubwa zaidi.

Kuhusu presha, nilimwambia dada ukweli kwamba mimi si daktari wake. Bembea ya namna ile hupandisha mapigo ya moyo na presha kwa ghafla. Mwenye presha iliyodhibitiwa aulize kliniki yake kwanza. Mwenye isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, maumivu ya shingo au mgongo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, abaki chini. Mwenye kifafa ajihadhari pia na taa zinazomulika na kuzima haraka, maana kwa baadhi yao huamsha degedege.

Alikwenda kupimwa Jumatatu. Presha ilikuwa 162 juu, 98 chini. Alikiri kwamba kile kidonge cha kila asubuhi huwa anakiruka akiwa na zamu za usiku. Daktari amembadilishia dozi na kumpa tarehe ya kurudi, ambayo inaangukia baada ya safari. Kwa hiyo shemeji atapanda peke yake, na dada atakuwa chini ameshika mabegi na watoto. Ameninunulia vizibo pia, anasema atavituma kabla ya harusi ya Desemba.