Amri Inayotosheka

Ofisa TEHAMA mmoja wa Kasulu ameniuliza: akitaka kuandaa seva ya kukodi kwenye wingu, aandike skripti zake mwenyewe au achukue zana iliyo tayari, kama Ansible? Wingu ni nini na hukodiwaje, hayo anayajua kuliko mimi, nayaruka. Mimi nina jambo moja, nalo ni zuri ajabu.

Skripti ya kawaida ya Bash ni mfululizo wa vitendo: ongeza mstari huu kwenye faili la mipangilio, kisha fanya hiki, kisha kile. Ikikatikia njiani ukaianzisha upya, mstari unaongezwa tena. Sasa iko miwili, na huduma inaweza kugoma kuwaka. Kukatikiwa si habari ngeni Kasulu wala Kibondo, miji iliyotegemea umeme wa jenereta za dizeli hadi mwaka 2022.

Ansible huambiwa hali, si kitendo. Mtume kijana kisimani umwambie, "Tia ndoo mbili kwenye pipa." Ukisahau ukamtuma tena, maji yanamwagika uani. Sasa mwambie, "Nataka pipa lijae." Kwanza atachungulia. Limepungua robo, atachota robo. Dada yake alishalijaza asubuhi, atarudi kukwambia limejaa, ndoo hajaigusa. Aliteleza akamwaga nusu? Mtume tena kwa maneno yaleyale, atamalizia palipopungua. Ansible nayo hukagua kila kipengele, hugusa kilichopungua tu, kisha huripoti kipi kimebadilika na kipi kilikuwa sawa tangu awali.

Sifa hii Benjamin Peirce, mwanahisabati wa Marekani, aliipa jina la *idempotent* mwaka 1870. Namba 1 ukiizidisha kwa yenyewe hata mara mia, inabaki 1. Kwa Kiswahili napendekeza *utozidi*. "Urudifu" halifai, kwa kuwa linadokeza kitu kuwa maradufu, jambo ambalo hasa halitokei.

Mwaka 1993 Mark Burgess wa Chuo Kikuu cha Oslo alianza kuiundia seva zana ya namna hii, CFEngine. Chuo hichohicho ndicho kilichotengeneza DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za vitabu vya MTUHA kutoka zahanati zetu, za Kibondo na Kasulu zikiwamo. Zana za kusimika seva za DHIS2 ziliandikwa kwanza kwa Bash. Baadaye zikahamishiwa Ansible.

Skripti ya nyumbani nayo inaweza kuwa na utozidi, mradi uandike ukaguzi kila mahali: kama mstari haupo, uongeze. Ukimaliza, umeunda Ansible ndogo isiyo na maelezo, inayoeleweka na mtu mmoja. Akihamishiwa Kakonko, seva inabaki yatima.

Zana za wengine zina wenyewe, kweli: Agosti 2023 Terraform, zana nyingine ya kuambiwa hali, ilibadilishiwa leseni, ndipo ikazaliwa OpenTofu. Na Ansible ukiilisha amri ghafi za Bash, utozidi unapotea. Hata hivyo namshauri aanze nayo. Aandike faili moja, aliendeshe mara mbili kwenye seva ya majaribio. Safari ya pili ikiripoti mabadiliko sifuri, aende kwenye seva halisi.