Jinsi simu zilivyopigania masikio ya wateja

SONY ilipouza kicheza kaseti chake cha kwanza cha Walkman mwaka 1979, muziki ulianza kutembea na mwenyewe. Jina hilo lilipobandikwa mwaka 2005 kwenye simu ya mkononi ya Sony Ericsson W800, shindano jipya lilizuka miongoni mwa watengenezaji wa simu.

W800 iliuzwa pamoja na kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 512. Jambo lililoitofautisha zaidi, hata hivyo, ni kwamba mwenye nayo aliweza kuzima shughuli za simu na kubaki na muziki peke yake. Kampuni ilidai kuwa kwa njia hiyo betri ingedumu hadi saa 30. Kwa mtu anayelipia chaji kwenye kibanda cha sokoni, hesabu hiyo ilikuwa na uzito kuliko kamera.

Motorola nayo, ikishirikiana na Apple, ilizindua ROKR E1 Septemba 7, 2005. Simu hiyo ilikuwa na programu ya iTunes, lakini ilikubali nyimbo 100 tu, hata nafasi ikisalia kwenye kadi. Siku iyo hiyo Apple ilionyesha iPod nano, ambayo ile kubwa yake ilibeba nyimbo zipatazo 1,000. Ni vigumu kuamini kwamba Apple ilitamani simu ya mwenzake iifikie nano. Mnunuzi wa ROKR aliuziwa kapu lililoshonwa mdomo.

Nokia ilichagua njia nyingine. N91, iliyofika madukani mwaka 2006, ilibeba diski ya gigabaiti 4 yenye sehemu zinazozunguka kama ya kompyuta. Ilihifadhi mengi, ila ilikuwa nzito, na diski ya aina hiyo haipendi kuangushwa. Nokia 5300 ya mwaka huo huo ilirudi kwenye kadi ndogo inayochomolewa, na vitufe vya muziki vikawekwa ubavuni.

Tofauti iliyomgharimu mnunuzi zaidi ilikuwa tundu la vipokea-sauti. N91 ilikuwa na tundu la kawaida la milimita 3.5, hivyo vipokea-sauti vya bei yoyote vilifaa. W800 ilitumia kiungo cha kampuni yenyewe, na waya wake ulikuwa vipande viwili. Kipande cha juu kikikatika, chochote cha dukani kilishika nafasi yake. Kikikatika cha chini, ambacho ndicho kilichochomekwa kwenye simu, ilibidi kutafuta kingine cha aina hiyo hiyo. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa na tundu la kawaida lakini lililozama ndani kiasi kwamba plagi nyingi hazikufika. Mwaka 2016, iPhone 7 ilitoka bila tundu hilo kabisa.

Nchini Kenya, wengi walisikilizia muziki kwenye simu za bei nafuu zenye spika za kupaaza sauti, nyingine zikiwa bandia. Oktoba 2012, kwa agizo la Tume ya Mawasiliano, simu hizo bandia zilizimwa kwenye mitandao. Hazikuweza tena kupiga wala kupokea simu, lakini nyimbo zilizokuwa kwenye kadi ziliendelea kuchezeka.